Nusu ya Vyumba Tisa
Sehemu ya kumi na moja: Miswaki miwili

Blanketi likavutwa!

Tulikuwa tumemwacha Shemeji Asilimia amelishika pembeni, ndani ya chumba namba saba, na Fundi Pindo nyuma yake amefumba macho akingoja aibu imshukie. Maana Fundi Pindo alijua fika kilicholala pale. Alikilaza mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kwa mikono yake miwili. Lilikuwa sanamu lake la kushonea makoti, kifua na mabega tu, alilolifungia kichwa cha vitambaa vya mabaki na kulivisha kofia ya marehemu mumewe.

Huyo ndiye aliyekuwa mpangaji wa tano.

Blanketi likaanguka sakafuni.

Halafu ukasikika mkoromo.

Fundi Pindo akafungua jicho moja. Sanamu lile halikoromi. Amelitumia miaka thelathini, angekuwa ameshalisikia.

Kitandani alilala mtu. Mtu mzima wa nyama na mifupa, koti zito limefungwa vifungo mpaka kidevuni, soksi moja nyeusi na moja ya kahawia, filimbi shingoni.

"Huyu ndiye mpangaji wako?" Shemeji Asilimia aliuliza. Ukali wote ulikuwa umemwisha. Alikuwa amejiandaa kukuta mto.

"Ndiye," alisema Fundi Pindo, ambaye hajawahi kumwona mtu yule tangu azaliwe. "Sema taratibu, shemeji. Amechoka."

"Anaitwaje?"

"Kwani wewe unataka kumwoa? Mpangaji ni mpangaji."

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani, mambo yako hivi. Nyumba ina vyumba tisa kwenye korido moja ndefu. Wenye nyumba ni wawili. Wa kwanza ni Fundi Pindo, mshonaji, anayeishi chumba namba moja na kushonea dirishani pale pale. Wa pili ni Shemeji Asilimia, mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyekuwa wa kawaida kabisa mpaka alipohudhuria semina ya siku tatu ya uwekezaji katika nyumba za kupangisha. Alirudi na cheti, kikokotoo, na ugonjwa wa kugawanya kila kitu.

Marehemu aliacha karatasi moja tu, ameiandika nyuma ya kalenda: *Siku ya hesabu, nyumba ikikutwa na wapangaji chini ya nusu ya vyumba, yeyote kati ya wenye nyumba anaweza kudai iuzwe. Mhesabu ni Mama.*

Siku ya hesabu ndiyo hii. Wapangaji waliokwisha kuhesabiwa ni wanne: kinyozi, muuguzi, fundi redio na mpiga picha za paspoti. Na nusu ya tisa ni nne na nusu.

Fundi Pindo alikuwa amepungukiwa na nusu mtu!

Kwa ajili ya hiyo nusu mtu, cherehani iliyokaa dirisha moja miaka ishirini na miwili ingebebwa juu juu mpaka barabarani. Muuza mabati, ambaye gari lake lilikuwa nje likipiga honi kila baada ya dakika tano, angesawazisha kuta zote na kujenga ghala.

Piiip!

"Mwambie asubiri!" Mama Mkwe alifoka kuelekea dirishani. "Nyumba haijauzwa, anaanza kuizomea!"

Kibibi huyu wa miaka themanini, miwani yake imefungwa kwa lastiki ya soksi, ndiye Mama mwenyewe wa kwenye karatasi. Amewazaa wote wawili, marehemu na Shemeji Asilimia, na hana imani na kitanda chochote. "Kitanda hata paka anaweza kukilalia," aliwaambia asubuhi ile korido nzima. "Mimi nahesabu miswaki. Mswaki mbichi, mtu yupo. Mswaki mkavu, hakuna mtu hapo." Na kweli alikuwa amepita vyumba vinne akiminya nywele za miswaki ya watu kwa vidole viwili, kama anayechagua nyanya.

Fundi Pindo alipata habari hiyo akiwa ameshalaza sanamu. Mswaki hakuliwekea.

Kelele zile zilimwamsha yule mtu. Akaketi, akawaangalia mmoja mmoja, kisha akapuliza filimbi kidogo, kwa mazoea.

"Shikamooni," akasema. "Kuna mwizi?"

"Bado tunatafuta," alisema Shemeji Asilimia. "Wewe ni nani?"

"Mlinzi. Nalinda kiwanda cha magodoro, hapo ng'ambo." Macho yake yakafika kwa Mama Mkwe, uso ukachangamka. "Aaa! Kumbe na bibi wa..."

Mama Mkwe alishikwa na kikohozi kikubwa ajabu. Kilipokwisha, mlinzi alikuwa amefunga mdomo wake na anazitazama soksi zake.

"Na yule mwenzangu," alisema, "ameshaamka?"

"Mwenzako yupi?" Fundi Pindo akauliza.

"Yule mfupi. Nimetoka zamu nikamkuta kitandani. Nikamsalimia, kimya. Nikamwambia, kaka, muda wako wa usiku umekwisha, sasa ni zamu yangu. Kimya! Nikamgusa bega, gumu kama meza. Nikasema huyu mwenzangu amefanya kazi kuliko mimi. Basi nikamsimamisha nyuma ya mlango, apunge hewa."

Mama Mkwe akausukuma mlango kwa fimbo. Nyuma yake, limeegemea ukuta, kofia imefunika paji la uso, lilisimama sanamu la Fundi Pindo.

"Haa!" Shemeji Asilimia aliruka. "Mnaona! Sanamu! Alitaka kutuhesabia sanamu!"

"Nani amesema ni mpangaji?" Fundi Pindo alimjia juu. "Mimi nimekuonyesha mtu aliye kitandani. Huyo wa nyuma ya mlango nimekwambia ni nani? Sijamtaja hata."

"Hiyo kofia ni ya mwanangu," alisema Mama Mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Inampendeza." Akalitazama sanamu kwa muda. "Kuliko ilivyompendeza mwanangu. Haya, tuendelee. Huyu baba anapumua, mimi naona ni mpangaji."

Wanne na mmoja ni watano! Tano imepita nne na nusu! Fundi Pindo alitaka kurukaruka, ila nyonga haikuruhusu.

Lakini Shemeji Asilimia alikuwa ameshachomoa kikokotoo.

"Wewe bwana, unaingia humu saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Unatoka?"

"Saa tisa alasiri. Nakwenda kwa mke wangu mdogo, halafu kazini."

"Saa nane na nusu!" Vidole vikacheza juu ya vitufe. "Kati ya ishirini na nne! Asilimia thelathini na tano nukta nne! Mama, huyu si mpangaji, huyu ni theluthi ya mpangaji!"

"Ngoja kwanza," alisema Fundi Pindo. "Kinyozi anaingia chumbani kwake saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa tu hizo. Muuguzi wiki ya zamu haonekani kabisa, anakuja kubadilisha viatu. Mbona hao umewahesabu wazima wazima? Kwa hesabu yako wewe, humu hakuna mpangaji mzima hata mmoja. Dunia nzima hakuna! Hata wewe nyumbani kwako ni mpangaji nusu."

Sasa, neno hilo lilimpiga Shemeji Asilimia mahali fulani. Akaanza kukagua dari.

"Yangu ya nyumbani tuyaache," alisema.

Mama Mkwe akagonga fimbo sakafuni. "Baba mlinzi, wewe mwenyewe, walipokupangisha humu walikwambia umepanga nini?"

Mlinzi akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nane. Fundi Pindo akakinyakua, akasoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma: "Nusu chumba. Cha mchana."

Akatamani ale karatasi.

"Nusu!" Shemeji Asilimia alishangilia. "Imeandikwa! Nusu!"

"Basi ni nusu," alihukumu Mama Mkwe. "Wanne na nusu."

Kila mtu akahesabu moyoni. Sanamu peke yake ndilo halikuhesabu.

Fundi Pindo ndiye aliyefika kwanza. "Karatasi inasema *chini ya nusu*," alisema taratibu, kama mtu anayetembea juu ya mayai. "Nusu ya tisa ni nne na nusu. Tunao wanne na nusu. Hatuko chini. Tuko sawasawa! Mama, tuko sawasawa!"

"Semina inasema," Shemeji Asilimia alipaza sauti, "mpangaji asiyetimia anashushwa! Nne na nusu inakuwa nne!"

"Sawa. Mshushe mlinzi."

"Namshusha!"

"Na nusu ya tisa nayo ishushe. Hiyo nayo haijatimia. Nne kwa nne. Tuko sawasawa tena."

Shemeji Asilimia akakitazama kikokotoo chake kama kimemsaliti.

"Hiyo nyingine haishuki," alisema.

"Kwa nini?"

"Hiyo ni... hiyo ni kanuni."

"Kanuni zako mimi nazijua!" Fundi Pindo alikuwa amepata moto sasa. "Si ni wewe uliyekuja na ile ya asilimia moja? Kodi ya mwezi ifike asilimia moja ya bei ya nyumba, la sivyo iuzwe. Nikakuuliza bei ipi. Kwa bei tuliyonunulia mimi na kaka yako, nyumba hii inafika asilimia moja hadi inafurika. Wewe unapigia bei ya huyo anayepiga honi nje. Kwa hiyo muuza mabati akipandisha bei, nyumba yangu inakuwa mbaya zaidi? Paa ni lile lile, choo ni kile kile, mimi nimelala, naamka nyumba imeharibika?"

"Ndivyo soko lilivyo, shemeji."

"Soko halijawahi kuziba bomba humu."

Piiip!

Mama Mkwe aliinua fimbo, wote wakanyamaza. "Kushusha na kupandisha ni kazi ya wapagazi," alisema. "Mimi naacha kama ilivyo. Nne na nusu kwa nne na nusu. Haijapungua."

Fundi Pindo aliegemea ukuta. Akaiona kwa mawazo cherehani yake kule dirishani, chumba namba moja, mwanga wa asubuhi umeangukia gurudumu. Machozi yakaanza kumlenga.

"Baba mlinzi," alisema Shemeji Asilimia kwa sauti laini mno. "Unafanya kazi siku zote saba?"

"Hapana, bosi. Siku moja kwa wiki napumzika."

"Na siku hiyo unalala wapi?"

"Kwa mke wangu mkubwa."

Fundi Pindo akageuka kumtazama mlinzi.

"Siku sita kati ya saba!" Vitufe vililia kama mvua juu ya mabati. "Nusu ya mtu, mara sita, gawanya kwa saba... nukta nne mbili tisa! Mama! Wapangaji ni wanne nukta nne mbili tisa! Nusu ni nne nukta tano! Tuko chini! Tuko chini ya nusu!"

"Tumepungukiwa na nini?" Mama Mkwe aliuliza.

"Nukta sifuri saba moja!"

"Kwa mtu, hiyo ni kiasi gani?"

Shemeji Asilimia alifikiri. "Kama mguu, mama. Toka goti kushuka."

Mama Mkwe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa. "Hesabu ni hesabu," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ya kizee. "Mwanangu aliandika *chini ya nusu*. Mguu ukikosekana, ni chini."

Basi ikawa imekwisha! Miaka ishirini na miwili, vyumba tisa, mabomba mangapi, milango mingapi, vyote vimeangushwa na mlinzi kwenda kwa mke mkubwa. Fundi Pindo alikaa ukingoni mwa kitanda, kando ya soksi mbili zisizofanana, akashindwa hata kulia.

"Samahani sana, mama," alinong'ona mlinzi. "Ningejua ningeacha kwenda."

Shemeji Asilimia alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mmoja juu, anataka kumpungia muuza mabati.

"Wewe," alisema Mama Mkwe. "Unakwenda wapi? Sijaminya mswaki."

Shemeji Asilimia aligeuka. Na wasomaji, mtu yule alikuwa amebadilika rangi.

"Mswaki wa nini, mama? Hesabu imekwisha."

"Vyumba vinne nimeminya. Cha tano nitaachaje?"

"Lakini tumeshakubaliana ni nukta nne mbili tisa! Mswaki utaongeza nini?"

"Kama hautaongeza, jasho la nini?"

Fundi Pindo akainua kichwa. Kweli, lilikuwa jasho. Lilimtoka shemeji yake kwenye kipara, likashuka kwa mpangilio kama wapangaji wanaohama. Na hapo Fundi Pindo akakumbuka jambo. Wiki nzima mtu huyu alikuwa akiapa kwamba chumba namba saba hakina mpangaji. Aliapa kwa uhakika wa ajabu. *Hakuna anayelala humo, najua mimi!* Alijuaje?

Kikombe cha miswaki kilikuwa kwenye ukingo wa kidirisha kidogo kando ya kabati. Cha bati, kimemenyeka rangi. Mama Mkwe alikifikia hatua kwa hatua, akachungulia ndani.

"Baba mlinzi."

"Naam, bibi."

"Wewe una vinywa vingapi?"

"Kimoja, bibi."

Mama Mkwe akatoa mswaki wa njano. Akauminya. Maji. Akatoa mswaki wa pili, wa kijani. Akauminya.

Maji!

"Miwili," alisema. "Yote mibichi."

"Wa njano ndio wangu," alisema mlinzi. "Huo wa kijani ni wa mwenzangu wa usiku. Hatujawahi kuonana. Ila ni mtu mstaarabu sana, dawa ya meno anaiminya kutoka chini."

Kutoka chini! Katika ukoo ule mzima palikuwa na mtu mmoja tu anayeiminya dawa ya meno kutoka chini, na kuikunja mkia kadiri inavyopungua, na kuwafundisha wengine kwamba kuiminya katikati ni hasara ya asilimia kumi na moja.

Vichwa vitatu viligeuka kumtazama Shemeji Asilimia. Cha nne, kile cha vitambaa, kilikuwa kinamtazama tangu mwanzo.

"Si wangu," alisema.

Mama Mkwe akageuza mpini wa mswaki kwenye mwanga. Ulikuwa umechongwa kwa kisu, vijistari vidogo kumi vyenye nafasi sawa.

"Umepimwa," alisema. "Mswaki umepimwa. Mwanangu, nimekuzaa mimi. Ulikuwa unapima hata maziwa yangu. Sogea hapa ufungue mdomo, nikunuse."

"Mama!"

"Fungua mdomo!"

Akafungua. Mama Mkwe akanusa mswaki, akanusa mwana, akanusa mswaki tena. "Mnanaa," alitangaza. "Na mnanaa."

Shemeji Asilimia aliporomoka mpaka kwenye stuli. "Amenifukuza," alisema, akitazama sakafu. "Miezi mitatu sasa."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Ulimfanyia nini mtoto wa watu?"

"Sikumfanyia kitu, mama! Nilipiga hesabu tu. Kitanda chetu kinatumika saa nane kwa siku. Theluthi mbili za siku kimekaa bure! Nikamshauri tukipangishe muda uliobaki. Nilimwandikia na jedwali." Alipangusa kipara. "Akaniambia jedwali lile nikalilalie."

Fundi Pindo alijaribu kujizuia. Alijaribu kweli. Lakini kicheko kilianzia tumboni, kikapita kifuani, kikatokea mdomoni kama bomba lililopasuka. Mlinzi naye akaanza. Alicheka kwa adabu, ameziba mdomo kwa filimbi, kila akicheka inalia.

"Kwa hiyo umehamia humu," alisema Fundi Pindo alipopata pumzi. "Nyumbani kwako mwenyewe. Kwa kujificha."

"Niliona tangazo kwenye nguzo. *Nusu chumba, cha usiku.* Nilipoona namba ya nyumba nikajua ni wewe, shemeji, unapangisha kwa siri. Nikasema nitakusanya ushahidi!"

"Miezi mitatu unakusanya ushahidi umelala?"

"Na hukushangaa kukuta kitanda kina joto?" aliuliza mlinzi.

"Nilidhani ni paa."

Mama Mkwe alikuwa bado ameshika mswaki wa kijani. "Swali moja," alimwambia mwanawe. "Asubuhi nimekataa kumhesabu huyu Pindo shemeji yako, ingawa analala nyumba hii kila siku, kwa sababu halipi kodi. Nikasema mpangaji ni yule anayelipa. Na wewe ukanipigia makofi. Sasa wewe, humu, ulikuwa unalipa?"

Hapo ndipo palikuwa na njia ya kutokea. Neno moja tu: hapana. Angelisema, angebaki mwenye nyumba aliyelala bure kwenye nyumba yake, na muuza mabati angeshusha nyundo. Shemeji Asilimia aliliona neno lile. Alilifungulia mdomo kabisa.

Lakini heshima ya mtu wa semina ni kitu kizito.

"Silipi?" alisema, akisimama. "Mimi? Nimelipa tarehe moja ya kila mwezi! Sijachelewa hata saa! Risiti ninazo!" Akachomoa mfukoni bahasha, ndani yake risiti tatu zimepangwa kwa tarehe. "Mpangaji mzuri kuliko mimi hamjawahi kuwa naye humu!"

Alipomaliza kusema hivyo, akayasikia maneno yake mwenyewe. Tulimwona anayasikia. Mkono wenye bahasha ulishuka polepole.

"Haya basi," alisema Mama Mkwe. "Nusu ya mchana, toa siku ya mke mkubwa. Ongeza nusu ya usiku. Ulikosa usiku wowote?"

"Sikukosa hata mmoja," alisema Shemeji Asilimia kwa sauti ya kaburini.

"Piga."

Akapiga. "Nne nukta tisa mbili tisa."

"Na nusu ya tisa?"

"Nne nukta tano."

"Tumepita?"

"Tumepita, mama."

Fundi Pindo alimrukia mlinzi akamkumbatia, akamrukia Mama Mkwe, akalirukia sanamu, na mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akamkumbatia na shemeji yake. "Asante, shemeji! Umeiokoa nyumba! Umeiokoa kwa kulala!"

"Nahama!" Shemeji Asilimia alifoka. "Nahama sasa hivi!"

"Hama kesho," alisema Mama Mkwe. "Mswaki wa leo nimeshauminya."

Hapo ningeweza kuwaacha mkalale vizuri. Lakini Shemeji Asilimia hakuwa mtu wa kushindwa kabla ya saa nne asubuhi. Alimgeukia Fundi Pindo amemkazia kidole.

"Na kodi yangu ya miezi mitatu uliipeleka wapi? Hukuandika popote!"

"Kodi gani? Mimi nimejua leo kama humu mnalala watu!"

"Basi ufunguo na risiti nilivyovikuta chini ya tofali ninapoachia kodi aliviweka nani?"

Fundi Pindo hakujua. Alimtazama mlinzi. Mlinzi alikuna shingo, akapandisha mkono, na kidole chake kikaanza safari: kikampita Fundi Pindo, kikampita Shemeji Asilimia, kikapita kofia ya marehemu, kikasimama.

"Si bibi huyu hapa," alisema. "Bibi wa dirishani, anayepokea kodi. Ila ananizuia kwa kikohozi."

Mama Mkwe hakuona haya hata kidogo. "Nyie mlikuwa mnabishana miezi mitatu nusu ni nini," alisema. "Mimi nimeipangisha." Akapekua mkoba wake, akatoa pete ya chuma yenye funguo, akaitupa kitandani. "Haya, chukueni. Nimechoka kutunza."

Shemeji Asilimia aliinama. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Alihesabu mara moja. Akahesabu tena. Alipoinua uso, ile nuru yake ya semina ilikuwa imerudi yote.

"Shemeji," alisema. "Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Tisa. Nimefagia vyote miaka ishirini na miwili."

"Funguo ni kumi."

Fundi Pindo alicheka, kisha akaacha.

"Vyumba kumi!" alinong'ona Shemeji Asilimia, kikokotoo hakukihitaji tena. "Nusu ya kumi ni tano! Na sisi tuna nne nukta tisa mbili tisa! Tuko chini! Mama, tuko chini ya nusu! Ile siku ya mke mkubwa!"

Piiip! Piiiiip!

"Chumba cha kumi kiko wapi?" Fundi Pindo alipiga kelele. "Nionyesheni! Kiko wapi?"

Na kutoka nyuma ya kabati la chumba namba saba, nyuma ya ukuta ambao Fundi Pindo aliupaka rangi mara sita kwa mkono wake mwenyewe, ikasikika sauti.

Shwa-shwa-shwa. Shwa-shwa-shwa.

Ikanyamaza. Mtu akasukutua. Akatema.

Mlinzi alishika filimbi, akashindwa kupuliza. Kikokotoo kilianguka sakafuni. Mama Mkwe peke yake ndiye aliyetulia, anajifunga kanga yake vizuri kama mtu anayengoja mgeni.

"Huyo," alisema, "analipa miezi sita mbele."

Na kabati likaanza kusogea.